Msomaji wa Chakula cha Mchana

Walimpa Maksensia kipaza sauti. Mpaka leo sijui ni nani aliyeona inafaa, na siku nikimjua nitamweleza. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai nyumbani kwa Daforoza, kule Katumba, jeneza likiwa mbele yetu limefunikwa shuka jeupe alilolitarizi mwenyewe marehemu, na Maksensia akasimama na kitenge chake cha akina mama wa parokia, maana yeye ndiye mwenyekiti wao, akaanza kulia kabla hajasema neno. Alipomaliza kujifuta akasema kwamba yeye na marehemu walikuwa chanda na pete tangu usichana. Akasema tulisoma pamoja kwa masista miaka ya sabini, na huko tulisomewa kitabu cha watu wawili wanyonge walioleta moto katika nchi iliyozimikiwa moto. "Mimi na Daforoza ndio tulikuwa hao wawili," akasema. "Na mwisho wa kitabu nchi nzima ilisimama kuwapokea, kama nyie mlivyokuja leo kumsindikiza." Watu wakaguna kwa huzuni. Mama mmoja pembeni yangu akasema, jamani, urafiki wa zamani ulikuwa urafiki. Nina umri wa kuitwa bibi na wajukuu wa wenzangu, nina presha, na daktari amenikataza hasira. Lakini daktari hakuwahi kula meza moja na Maksensia.

Mimi nilikula naye meza moja mwaka mzima. Kituo cha masista kilikuwa nje kidogo ya mji wa Mpanda, nyumba ndefu za matofali ya kuchoma zilizopangwa kuzunguka kiwanja, na wasichana tuliletwa pale kujifunza kushona, kupika na kulea watoto. Wengi tulitoka upande wa Mpimbwe, Kibaoni na Kasansa, mabinti wa wakulima wa mpunga tuliomaliza darasa la saba na kukosa pa kwenda. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mpunga wa nyumbani ulikuwa umekauka ukiwa shambani, na kituoni tulikula ugali wa unga wa njano uliotoka ng'ambo, ambao ukipoa unakuwa mgumu na unatoa harufu ya gunia. Nataja kupoa kwa sababu ndiko kulikomfanya Daforoza awe msomaji.

Masista walikuwa na desturi yao. Chakula cha mchana kililiwa kimya, na msichana mmoja alisimama mbele ya bwalo, karibu na dirisha, akiwasomea wenzake mpaka sahani zote ziwe tupu. Msomaji mwenyewe hakula na wengine. Sahani yake ilifunikwa kwa sahani nyingine, ikawekwa jikoni, naye akala peke yake baadaye. Mwanzoni ilikuwa zamu, na kila mmoja aliichukia zamu yake kwa sababu ya ule ugali. Haikuchukua muda Maksensia, aliyekuwa kiranja wetu, akapata dawa. Alimwambia Sista Mkuu kwamba Daforoza anapenda sana kusoma na anaomba aachiwe kazi hiyo. Daforoza hakuwa ameomba kitu. Alikuwa mkimbizi, yeye peke yake pale kituoni. Alikuja na mama yake kutoka Burundi wakati wa mauaji, na kibali chake cha kutoka makazi ya wakimbizi kilikuwa cha mafunzo tu. Mafunzo yakikatika, kibali nacho kimekwisha, anarudi kulima muhogo Katumba. Akimaliza na kupata cheti, angeruhusiwa kushona mjini kwa mshahara, na Sista alikuwa ameshamwahidi nafasi katika karakana yao. Kwa hiyo aliambiwa soma, akasoma. Wasichana wakacheka mezani, mkimbizi amepewa ukubwa.

Nilikuwa nalala kitanda kilichopakana na chake, ndiyo maana nikawa rafiki yake, hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo. Alikuwa mrefu, mkavu, na mwepesi wa kununa. Kiswahili chake kilikuwa bado kinasuasua katika mazungumzo, lakini akishika maandishi alisoma kwa sauti nene na tulivu ambayo hukuitegemea kwa mtu mwembamba namna ile. Maneno asiyoyajua aliyapita bila kusita, kisha jioni tukiwa tunachota maji ananiuliza. Karakana ni nini. Kuduwaa ni nini. Nilimweleza, na yeye akanieleza namna ya kupitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona, ili usikatike, kwa sababu uzi wa mwaka ule ulikuwa mbovu kama kila kitu cha mwaka ule. Nta aliipata jikoni. Mpishi wetu, Mama Jenoveva, alikuwa akimpa makapi ya masega baada ya kuchuja asali, ayatafune kushushia ugali baridi, naye alitafuna kidogo na kilichobaki akakifinyanga kuwa donge, akakiweka kwenye kopo lake la sindano.

Siku za kwanza tulisomewa maisha ya watakatifu. Bahati nzuri mchwa walikuwa wameshaingia katika kile kitabu, na tulipofika katikati kurasa zikawa vumbi. Sista akatafuta kingine katika sanduku la padre, akakipata kimoja kinene kisicho na jalada, na kwa kuwa mtu alikuwa amemhakikishia kwamba mwishoni wema wanashinda, akampa Daforoza. Ndicho kitabu alichokitaja Maksensia. Nchi moja imezimikiwa moto wote, hata jiwe likigongwa halitoi cheche. Mfalme anatuma mashujaa kwenda kuuleta moto kutoka mlima wa mwisho wa dunia, na mashujaa hawarudi. Mwisho wanabaki Kiguzo, mwosha vyungu wa ikulu, mfupi hata meza hafikii, na Ndama, mpagazi mnene anayeogopa maji. Wanaondoka bila ngoma wala baraka ya mtu. Wanavuka msitu unaohama kila asubuhi, wanakutana na ndege wa chuma, wanadanganywa na bibi anayeuza vivuli vya watu. Sisi tulikuwa wasichana wa kumi na saba, kumi na nane, tunakula unga wa njano, na tulisahau tunachokula. Vijiko vilikuwa vinasimama hewani. Walioanza kwa kumcheka msomaji sasa walimwekea kiti dirishani kabla hajaingia, na Agripina, mtoto wa Kasansa aliyekuwa mpole kuliko sisi wote, alikuwa anampulizia vumbi kwenye kitabu.

Nakumbuka siku ya mamba. Kiguzo na Ndama wamefika mtoni, na mamba anayesema anawaambia atamvusha mmoja, mwingine abaki awe chakula chake. Ndama, yule mwoga wa maji, anamsukuma Kiguzo mgongoni kwa mamba na kukaa chini kwenye mchanga kusubiri kuliwa. Kiguzo anashuka. Anasema ama tunavuka wawili au moto ubaki huko huko. Daforoza alisoma pale polepole sana, na bwalo zima lilikuwa linalia. Maksensia ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote, akaegemea bega la mwenzake, akasema mbele ya Sista kwamba huo ndio urafiki. Nililia pia, sikatai. Lakini mimi nilifikiri tunalia kwa sababu tunakubaliana na kitabu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuloa machozi kwa ajili ya mwosha vyungu wa hadithi, kisha akatoka nje na kumkanyaga yule aliyemsomea.

Kulikuwa na sikukuu ya kituo inakuja, na mrina asali mmoja wa Ugalla, Mkonongo kwa kabila, aliyekuwa anawauzia masista, alikuwa ameleta madebe ya asali kwa ajili ya wageni. Yaliwekwa ghala, na ghala lilipakana na jikoni upande mmoja, na chumba cha wagonjwa upande wa pili. Wiki ile mimi na Agripina tulikuwa na malaria, tumelazwa chumba hicho, vitanda viwili na ndoo moja. Kuta za nyumba zile hazikufika juu kwenye paa, ziliishia pale ambapo fundi alichoka, na sauti zilipita juu kama hakuna ukuta. Mchana mmoja wenzetu wakiwa kwenye vyerehani, tukasikia Mama Jenoveva na Maksensia wameingia ghalani. Mama Jenoveva alikuwa anapika wanzuki, pombe ya asali, akiuza kwa watu wa reli, na Maksensia ndiye aliyekuwa na ufunguo. Tulisikia asali ikimiminwa. Tulisikia mpishi anauliza itakuwaje Sista akikagua. Maksensia akamjibu taratibu, bila wasiwasi wowote, kwamba anayekula jikoni peke yake kila siku ni mkimbizi, na kila mtu anajua. Nikageuza kichwa nikamtazama Agripina. Alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, shuka limemfika kidevuni. Tulitazamana mpaka wale wawili walipofunga mlango.

Niliamka na homa yangu nikaenda kwa Sista jioni ile ile, lakini Sista alikuwa amesafiri, na msaidizi wake akaniambia nirudi kitandani, homa inanisemesha. Sista aliporudi alikwenda kwanza ghalani, akakuta debe limepungua. Akamuuliza kiranja. Kiranja akasema hataki kumsingizia mtu. Wakaenda bwenini, wakafungua kopo la sindano la Daforoza, wakatoa donge la nta linalonukia asali. Sista wetu alitoka mbali, ng'ambo, na alijua mambo mengi, lakini kwake nta ilikuwa asali na asali ilikuwa wizi. Msichana yeyote wa Ugalla au wa kwetu angeweza kumwambia kwamba mwizi wa asali hatunzi nta, kwamba makapi hutupwa au hupewa watoto. Wasichana arobaini walikuwa wamesimama pale. Walitazama donge lile kama hawajawahi kuona mzinga maishani mwao.

Kesi ilisikilizwa bwaloni wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu ndipo tulipokuwa wote. Daforoza alikuwa amesimama mahali pake dirishani, kitabu mkononi, maana alikuwa ameingia kusoma na hakuna aliyemwambia aache. Sista akamuuliza kama ameiba. Akasema hapana. Akamuuliza nta ameitoa wapi. Akasema amepewa na Mama Jenoveva. Mama Jenoveva akaitwa kutoka jikoni, akasema na mikono yake ikiwa bado na unga kwamba hajawahi kumpa kitu. Hapo nikasimama. Miguu ilikuwa haina nguvu bado, nikashika meza, nikaeleza nilichosikia, neno kwa neno, na nikamtaja Maksensia akiwa amekaa mbele yangu. Sista alinisikiliza. Sitamdhulumu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mimi ni rafiki wa mshtakiwa na nilikuwa na homa, neno langu peke yake halitoshi.

"Kuna mwingine aliyesikia?" akauliza. "Asimame."

Nilimtazama Agripina. Bwalo zima halikujua kwa nini namtazama yeye, lakini yeye alijua. Alikuwa anahesabu maharage kwenye sahani yake, hakuinua uso. Nikazungusha macho kwa wengine. Walikuwa wanaijua harufu ya wanzuki jikoni, sote tulikuwa tunaijua, tulikuwa tunataniana nayo. Walikuwa wamemwona Mama Jenoveva akimpa Daforoza masega mchana kweupe. Hakuna aliyesimama. Nikaita jina, nikasema Agripina, we ulikuwepo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mi nilikuwa nimelala, dada." Maksensia akaanza kulia, kilio kile kile cha siku ya mamba, na wawili watatu wakamkumbatia.

Daforoza alifunga kitabu, akakiweka juu ya kiti. Alipewa muda wa kufunga mzigo tu. Niliomba kumsindikiza hadi barabarani, na Sista akanikubalia, nadhani kwa sababu alitaka nisiwepo. Tulitembea hadi penye njia panda ya kwenda makazini. Nilimwambia sirudi, nakwenda naye, na wote wale nawatakia kipindupindu. Nilidhani atanishukuru. Alinikasirikia mimi. Aliweka furushi chini, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee.

"We Skola usiwe mjinga. Mimi wamenitoa, sitajua kukata nguo. Ukitoka na wewe, nani atanifundisha? Rudi. Kaa nao. Kula ugali wao. Ukijua kitu uje unambie."

Nikarudi. Watu husema kuondoka na rafiki ndio ushujaa, na labda ni kweli kwa wenye kuvuka mito ya hadithi. Mimi nilirudi kukaa na watu ambao nilitamani kuwamwagia maji ya moto, nikakaa nao mpaka mwaka ukaisha. Kwa adhabu ya ulimi wangu nilifanywa msomaji. Siku ya kwanza bwalo lilikuwa na hamu, maana zilibaki kurasa chache, Kiguzo na Ndama wamekwisha kuuteka moto na wanarudi. Nilikuwa nimeshausoma mwisho peke yangu, nikaukuta mzuri, na nikaona hawastahili. Kwa hiyo nikasoma kilichokuwa kichwani mwangu. Nikasoma kwamba mwosha vyungu alipofika ikulu na moto wake, mtunza ghala wa mfalme alisema umeibwa. Mfalme akauliza watu wa nchi, nani aliyemwona huyu akiuteka mlimani, asimame. Na watu wa nchi, ambao walikuwa wanakula chakula kilichopikwa kwa moto ule ule, wakatazama sahani zao. Nikanyamaza hapo. Nikasema, kitabu kimeisha. Sista akaja akanipokonya, akafunua ukurasa, akasoma, uso ukamwiva, nadhani kwa kunikasirikia, au kwa kitu kingine, sikumuuliza. Alikifungia kabatini. Tangu siku hiyo tulikula bila msomaji, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia mwisho wa kitabu kile. Huo mwisho aliousema Maksensia msibani alijitungia mwenyewe.

Kila Jumapili ya ruhusa nilikwenda Katumba. Nikipata lori la magogo nilipanda, nikikosa nilitembea. Mama yake Daforoza alitupikia muhogo na maharage, hakujua Kiswahili, alinishika mashavu tu kila nilipoingia, na sisi tukatandaza karatasi za mifuko ya saruji sakafuni. Nilimfundisha kola, mkono, mfuko wa ndani, rinda la sketi ya shule. Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alinitukana Kirundi nilipokosea, kwa kuwa mimi nilikuwa nashona vibaya kuliko yeye. Ile nafasi ya karakana mjini alipewa Maksensia. Daforoza alishonea barazani kwa mama yake, kwa mkono, kisha kwa cherehani cha kukodi, na sare za watoto wengi wa huku zimepita mikononi mwake, na gauni la harusi la binti wa Maksensia pia, kwa sababu alikuwa fundi na fundi hachagui mteja. Mama Jenoveva alikuja kukamatwa na wanzuki wake mwaka uliofuata, kila mtu akajua ukweli, na hakuna aliyepanda hata baiskeli kwenda Katumba kumwambia samahani. Uraia Daforoza aliupata akiwa na mvi. Aliniambia siku hiyo kwamba karatasi ni nzuri lakini macho yake hayaoni tena tundu la sindano.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwangu pale chini ya turubai wakati Maksensia anarudisha kipaza sauti. Emanueli, kijana wa kwanza wa Daforoza, alinijia akachuchumaa, akasema, "Mama mkubwa, na wewe utasema kidogo?" Nilimwambia nitasema. Nikasimama, na nikasimulia. Sikupunguza. Nilitaja asali, nilitaja nta, nilitaja ghala na nani alikuwa na ufunguo, jina lake na la baba yake. Katekista akaanza kukohoa kunikumbusha kwamba tuko msibani, nikamwambia ndiyo, tuko msibani mwa mtu aliyesingiziwa. Maksensia alijifunika uso kwa kitenge. Kisha nikasema kwamba siku ile Sista aliuliza kama kuna mwingine aliyesikia, na hakupata jibu, na marehemu analala leo bila jibu hilo.

Huko nyuma, kwenye mikeka ya wanawake, mtu alianza kuinuka. Ilimchukua muda, magoti hayakumtii, binti mmoja akamshika kwapa. Sikumtambua mpaka aliposema. Alikuwa Agripina. Sikujua hata kama yu hai. Alisimama amepinda, mkono juu ya bega la yule binti, akasema bila kipaza sauti: "Mi sikuwa nimelala. Nilisikia yote. Skola alisema kweli." Akaongeza kwamba alikuwa anaogopa kunyimwa cheti.

Watu walinitazama wakisubiri nimkumbatie. Niliona katekista anatabasamu, tayari kusema Mungu ni mwema. Nimeyasubiri maneno yale tangu nikiwa msichana, nimeyaota, nilidhani yakija yatanipoza. Hayakunipoza. Daforoza alikuwa mbele yetu kwenye sanduku, na yule aliyepaswa kusimamiwa alikuwa msichana wa miaka kumi na nane aliyesimama dirishani na kitabu mkononi.

"Umesimama, nimekuona," nilimwambia Agripina. "Sasa kaa chini."